Nyota Mbili na Nusu za Patashika ya Pili

Uliiona. Usigeuze uso, uliiona. Picha ya wanyama wanne waliobebana mgongoni, jina kubwa la rangi ya machungwa, na chini yake nyota mbili na nusu kati ya tano. Kidole chako kikasita kidogo, kama mguu wa mtu aliyesikia jirani yake anapigwa, halafu kikapita. Ukaenda kutazama gemu jingine lenye nyota nne, la watu wasiojua hata neno moja la lugha unayoota nayo ndoto. Hukuuliza nyota zile alizitoa nani, alikuwa amekaa wapi, alikuwa anacheza na nani. Namba imeshasema, na wewe ni nani ubishane na namba?

Mimi nabishana na namba. Hiyo ndiyo kazi yangu ya pili. Ya kwanza ni kushona. Nina chumba kinachotazama barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia, na kioo ambacho wateja hukitazama kuanzia kiunoni kushuka chini. Mtaani wananiita Mama Bango, kwa sababu lisilonipendeza nalibandika ukutani. Bomba la mtaa lilipokauka niliandika bango. Walipotaka kuugeuza uwanja wa watoto kuwa maegesho ya malori niliandika bango. Herufi zangu hazikai kwenye mstari, maana hakuna aliyenikalisha darasani nikafundishwa mstari, lakini bomba linatoa maji na malori yamelala kwingine.

Juu ya chumba changu anafanya kazi mdogo wangu, wa tumbo moja. Anatengeneza magemu. Mambo yakimwendea vizuri anapiga miguu sakafuni, na vumbi la dari linaniangukia juu ya vitambaa. Mwaka uliotoka Patashika ya kwanza nilishona nguo zikiwa na vumbi miezi mingi, na sikulalamika.

Patashika ni gemu la watu wanne kwenye kochi moja. Sisemi wanne kwenye nyumba nne, kila mmoja na mtandao wake. Nasema kochi moja, magoti yanagongana, na pedi moja ya kuchezea lazima iwe na kitufe kibovu ambacho hakuna anayekitaka. Ya kwanza ilichezwa kwenye saluni, kwenye vibanda vya chaji, kwenye sebule za watu wenye shemeji wakorofi. Mhakiki mmoja, yule ambaye mtaa mzima tunamwita Nusu Nyota kwa kuwa mkono wake hauwezi kutoa nyota nzima bila kuikata, aliandika kwamba ni gemu la kuchekesha, "ingawa la kienyeji mno". Nakumbuka. Mimi sisahau. La kienyeji mno! Kama vile alikuwa anahakiki kuku.

Basi mdogo wangu akatengeneza ya pili, na moyo wa hiyo ya pili ni raundi inayoitwa Neno Moja. Nikueleze vizuri, kwa sababu kila kitu kimeanzia hapo.

Kwenye skrini kuna tope, na katikati ya tope vipo visiwa vitatu. Sauti inaita neno moja tu. Tuseme inaita, "Paa!" Kisiwa kimoja kina paa mnyama, mwenye macho ya mtu aliyesikia kijiti kimevunjika. Cha pili kina paa la nyumba, la bati. Cha tatu kina puto ambalo limeanza kupaa. Yote matatu ni paa. Lililo sahihi ni lipi? Lolote, mradi wengi wenu mpo hapo ngoma inapokoma. Atakayekutwa peke yake anazama, na wenzake wanachukua pointi. Mkigawanyika wawili wawili, wote matopeni. Kwa hiyo ujuzi hauko kwenye kujua maneno. Maneno tunayajua wote. Ujuzi uko mdomoni: kumvuta mwenzio, kumwapia, kumwambia "twende kwenye bati ndugu yangu, mimi na wewe tumetoka mbali", halafu kumwacha kwenye bati peke yake.

Na sauti inayoita ni ya Shangazi.

Shangazi, dada yake baba, alifanya kazi maisha yake yote dirishani kwenye zahanati, akiita majina ya wagonjwa. Sauti yake ilivuka vikohozi, vilio vya watoto na feni iliyokuwa inakwaruza, ikamfikia mzee asiyesikia kwenye benchi la mwisho. Alipostaafu, sauti ile ikakosa pa kwenda. Nyumba yake ni ya mtu mmoja. Ukimtembelea siku za mwanzo ulimkuta anaiita redio. Mdogo wangu alipomwomba aite maneno ya gemu, alifika amevaa sare yake ya kazi, imepigwa pasi. Tangu hapo watoto wa mtaani wakimwona wanampigia kelele, "Shikamoo, Paa!" na yeye anajibu, akimalizia na lile analolisema kwenye gemu mtu akizama: "Marahaba, kaoge!"

Sasa njoo kwenye siku ya uhakiki.

Aliyeuleta ni Kinyozi, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Alivuka barabara na simu mkono mmoja, brashi ya povu mkono wa pili, na nyuma yake mteja amesimama mlangoni na povu nusu ya shavu.

"Mama Bango, uhakiki umetoka. Lakini kaa kwanza."

"Nimekaa. Sioni unavyotaka nikae zaidi ya hivi. Soma."

Akasoma. Rangi nzuri, muziki wa kuchangamsha. Halafu hivi, na nanukuu kwa sababu sitaki aje aseme nimemtilia chumvi: "Lakini Patashika ya Pili inaangushwa na tafsiri mbovu. Katika raundi ya Neno Moja, vitu vitatu tofauti vimepewa jina moja, bila shaka kwa kuwa mfasiri hakuyatofautisha maneno ya lugha ya asili. Mchezaji anabaki kubahatisha. Mtangazaji naye anasikika kama anaita wagonjwa."

"Hapo kwenye wagonjwa amepatia," alisema Kinyozi.

Nilimtazama. Akakumbuka kwamba ana mteja.

Tafsiri! Nilikaa na neno hilo mkononi kama mtu aliyerudishiwa kanzu aliyoishona mwenyewe, akaambiwa kaiba. Tafsiri kutoka wapi? Kuna lugha gani nyingine duniani ambayo mnyama, bati na puto vinaitana kwa jina moja? Huyu mtu kazaliwa nayo lugha hii, kalelewa nayo, katukanwa nayo na mama yake, na alipoikuta inacheza kwa furaha yake yenyewe akadhani imekosewa.

Mdogo wangu alishuka ngazi, akakaa kwenye ile ya chini kabisa. Alikuwa ameshasoma. Alikuwa pia ameshapokea ujumbe wa wenye duka la mtandaoni linalouza magemu yake. Walisema kwa adabu kwamba gemu litawekwa mbele ya duka iwapo "makosa ya tafsiri" yatarekebishwa: kila kitu kipewe jina lake, na itafutwe sauti ya kisasa.

"Naitoa raundi, Dada," akasema.

"Unaitoa raundi ipi?"

"Unaijua. Na nimeshapata binti mmoja anayesoma matangazo. Ana sauti laini."

"Laini kama nini? Kama nini, mdogo wangu? Watu wanne wanapigana viwiko, wewe unawaletea sauti ya kubembelezea mtoto?"

"Mbele ya duka, Dada. Ukiwekwa nyuma ya duka hakuna anayekuja nyuma. Unajua wewe, unauza nguo."

Nilikuwa nafungua mdomo nimpe la kumpa, ndipo tukasikia sauti barabarani. Sauti hiyo huisikii ikija, inakuwa imeshafika. Shangazi aliingia akiwa na furaha usoni kama mtu aliyeokota pesa.

"Nimepata jingine! Sikilizeni. Ua! Ua la bustani, ua wa nyumba, na ua mtu!"

Mdogo wangu akacheka bila kutaka. "Hilo la mwisho tutalichoraje, Shangazi? Watoto wanacheza hili gemu."

"Chora mbu."

Kicheko chake kikakatika, akainamia ngazi. Shangazi alitutazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa akitazama benchi la wagonjwa kujua nani kazidiwa. "Nani kafa?"

Mdogo wangu alimweleza. Alimweleza vibaya, kwa kuzunguka, mara wenye duka, mara soko, mara vijana wa siku hizi wanapenda nini. Shangazi akamwacha amalize.

"Sauti yangu imechuja?"

"Hapana, Shangazi."

"Kama imechuja niambie usoni. Nimeshaambiwa mengi kuhusu sauti hii. Kuna daktari alikuwa anaweka pamba masikioni na kunisalimia kwa mkono."

"Haijachuja. Ni kwamba tu…"

"Basi fanyeni linalowafaa, wanangu. Mimi nilikuwa kimya kabla ya gemu, nitajua kukaa kimya tena." Akatoka, na alipokutana na watoto wakampigia shikamoo yao, alijibu marahaba peke yake, bila kaoge.

Hilo ndilo lililonitoa kwenye kiti. Nilichukua karatasi kubwa, nikaandika bango, nikachukua gundi, nikaenda kumtafuta Nusu Nyota.

Ofisi yake iko nyuma ya duka la kutengeneza simu. Ni chumba kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kelele zisitoke, skrini kubwa, na mbele ya skrini kiti kimoja. Nilikitazama kiti kwanza, ni mazoea ya kazi, mtu anayeshona hutazama kitambaa. Mto wake ulikuwa umelika umbo la mtu mmoja. Pembeni palikuwa na pedi nne, tatu bado zimefungwa kwenye nailoni zake.

"Karibu," alisema bila kugeuka. "Kama ni simu, fundi yuko mbele."

"Sina simu mbovu. Nina nyota mbovu."

Akageuka. Kijana mwembamba, mpole, hedifoni shingoni. "Wewe ni Mama Bango."

"Umenijuaje?"

"Umeshika gundi."

Nikaificha nyuma yangu pamoja na bango, ingawa haikusaidia kitu. "Patashika ya Pili uliicheza na nani?"

"Na maroboti. Ukiwa huna watu, gemu linakupa wachezaji watatu wa mashine."

"Yaani ulikwenda harusini ukacheza na viti."

"Dada, ndiyo kazi. Magemu yananingoja foleni. Siwezi kila mara kukusanya watu."

"Sawa. Hiyo tafsiri mbovu. Imetafsiriwa kutoka lugha gani?"

Alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta ile lugha, anaitafuta kwa bidii, anaangalia hata kwenye trei za mayai. Haikuwepo.

"Nilidhani…"

"Ulidhani nini?"

"Sikiliza, dada. Magemu yote yanayopita hapa Kiswahili chake kimebandikwa juu kama kiraka. Jana nimecheza moja, kitufe cha kurudi nyuma kimeandikwa 'mgongo'. Mgongo! Kila ukitaka kurudi unabonyeza mgongo. Kwa hiyo nilipoona paa watatu hawafanani, nikasema haya ni yale yale ya mgongo."

Nilitaka kukasirika zaidi, nikashindwa kidogo, kwa sababu mgongo ulikuwa umeshaanza kunichekesha. Lakini nilijikaza. "Mtu aliyezoea makombo," nikamwambia, "akipikiwa anauliza hiki kaacha nani."

Akainama. Halafu, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu, akainua kichwa. "Haya, hilo nimekosea. Lakini menyu yenu ni msitu. Nimezunguka kama mbuzi aliyekata kamba mpaka nikapata pa kuanzia. Na maroboti yenu hayana akili. Yanakimbia ovyo."

Maroboti nikayaruka. Kupitia dari nilikuwa nimeshamsikia mdogo wangu akiyatukana.

"Njoo ulicheze na watu," nikasema.

"Mhakiki haendi nyumbani kwa mtengenezaji. Nikila kwenu nitaandika nini?"

"Nani kasema utakula? Hata maji hupewi. Njoo kwa Kinyozi, kesho mchana. Kila mtu ana haki ya kunyoa."

Akajipapasa kichwa. Kweli alikuwa anahitaji.

Kesho yake mchana duka la Kinyozi lilikuwa na watu wake wa kawaida, wale wanaokuja kunyoa ndevu ambazo hawana ili wapige soga. Nusu Nyota alifika, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, akafungwa shuka shingoni. Kinyozi akaanza upande wa kushoto. Mimi niliingia na mdogo wangu, aliyebeba mashine yake ya gemu kama amebeba mgonjwa, na Shangazi, ambaye hakujua amekuja kuonana na nani. Tulimwambia pedi imekosa mtu. Mdogo wangu akaunganisha nyaya kwenye tivii ya Kinyozi, halafu akaenda kusimama mlangoni akitazama barabara. Hakuweza kutazama ndani.

Kinyozi alipoona skrini imewaka, akaweka mashine ya kunyolea mezani na kuchukua pedi. Upande wa kulia wa kichwa cha Nusu Nyota ukabaki na msitu wake.

"Bado nusu!" alilalamika Nusu Nyota.

"Na wewe si ndivyo unavyopenda?" watu wakamjibu, na duka likachafuka kwa kicheko kabla gemu halijaanza.

Tukabanana kwenye benchi: mimi, Kinyozi, Nusu Nyota na shuka lake, na Shangazi mwisho, ameishika pedi mbali na mwili kama kitu kinachovuja.

Raundi ya kwanza, tivii ikapiga kelele, "Kaa!"

Kisiwa kimoja kina kaa wa pwani, magando juu. Cha pili kina kaa la moto, jekundu. Cha tatu kina mtu amekaa kitini. Nusu Nyota akasita katikati ya tope. Shangazi akamwinamia, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, nenda kwenye kiti. Mimi ndiye niliyeita. Mimi ndiye ninayejua nilimaanisha nini."

Ungefanyaje? Mtu aliyeita neno kakwambia maana yake. Akaenda kwenye kiti. Sisi watatu tukakimbilia kwa kaa mwenye magando, ngoma ikakoma, na Nusu Nyota akazama mpaka masikio.

"Umezama, pole, kaoge!" ikasema tivii.

"Kaoge," akasema Shangazi pembeni yake, kwa sauti ile ile.

Nusu Nyota aliitazama tivii, akamtazama Shangazi, akaitazama tivii tena. "Kumbe ni wewe kweli?"

"Ulidhani nani?"

"Mimi… mimi ndiye niliyeandika kwamba unasikika kama unaita wagonjwa."

Mdogo wangu aligeuka kutoka mlangoni.

"Nilikuwa naita wagonjwa," alisema Shangazi. "Na wewe ungekuwa kwenye benchi langu ungeitika, hata kama umelala. Cheza."

Tukacheza. Sitakuelezea kila raundi, hukuwepo na ni kosa lako. Nitakueleza moja. Iliitwa, "Paa!" na yule kijana mpole wa trei za mayai akamshika Kinyozi bega, akamtazama machoni, akasema, "Kwenye bati, kaka. Naapa kwa nywele zangu zilizobaki." Kinyozi, mtu mzima mwenye watoto, akapanda juu ya bati. Akageuka, akamwona Nusu Nyota yuko kwenye puto pamoja nasi anampungia mkono.

"Hizo nywele sizinyoi tena!" alipiga kelele Kinyozi akizama. "Utarudi nazo kwenu hivyo hivyo!"

Nusu Nyota alicheka mpaka akateleza kwenye benchi na shuka lake, akakaa sakafuni juu ya nywele za watu, anafuta machozi kwa shuka, nywele zikamjaa usoni. Kwa mara ya kwanza tangu uhakiki utoke nilimwona mdogo wangu anacheka meno yote nje. Shangazi alikuwa ameshaacha kuishika pedi kama kitu kinachovuja. Alikuwa anaibana kama ufunguo wa nyumba.

Walipochoka, nikasimama. Mimi ni Mama Bango, siwezi kuacha jambo likiwa tamu nikaliacha lilivyo. "Haya. Nyota tano. Simu unayo, andika hapa hapa."

Nusu Nyota alijipangusa. "Nitaandika nilikosea kuhusu tafsiri. Nitaandika kwamba raundi ile ni ya kwetu, na kwamba mimi ndiye sikuijua nilipoikuta. Nitaandika kuhusu sauti. Namba siibadilishi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu mpweke atainunua, ataicheza na maroboti, na atapata nyota mbili na nusu kamili. Nami nilimwandikia mtu huyo."

Nilivuta pumzi ya kumjibu, pumzi ndefu, yenye miaka ndani yake. Mdogo wangu akanitangulia.

"Ana haki, Dada."

"Nini?"

"Maroboti niliyafanya harakaharaka. Nilijua. Niliomba tu asiyakute."

Uchungu wa kusalitiwa na damu yako mwenyewe mbele ya nywele za watu wengine, sikuombei. Lakini nilimtazama usoni, na hakuwa yule aliyekaa kwenye ngazi ya chini. Alikuwa na ile sura ya kabla vumbi halijaanza kuniangukia. Akamgeukia Shangazi. "Nikiyapa maroboti sauti yako? Yawe yanadanganya? Roboti linakimbilia kwenye bati huku linakwambia njoo kwenye puto, mwanangu."

"Linidanganyie watu kwa sauti yangu?" Shangazi alifikiri. "Basi lidanganye kwa heshima. Liseme tafadhali."

Nusu Nyota alinyolewa upande wa pili, baada ya kuomba radhi mbele ya mashahidi. Aliandika kama alivyoahidi. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Nilidhani ni tafsiri, kumbe ni lugha." Nimeikata nimeibandika juu ya cherehani yangu, na si kawaida yangu kubandika maneno ya mtu mwingine.

Siku zilizofuata walirekodi kwangu chini, kwa kuwa nguo zilizotundikwa zinameza mwangwi kuliko trei zozote za mayai. Nilizima cherehani. Shangazi alisimama katikati ya magauni ya watu, kichwa tu kinaonekana, anaomba na kubembeleza na kulaghai: "Njoo huku, mwanangu, nakuhurumia." "Tafadhali, usiniache peke yangu kwenye tope." Wateja walisimama mlangoni hawaingii, hawaondoki. Menyu nayo imekatwa, imebaki kama mlango wa nyumba, unaingia. Na ua limechorwa mbu. Usiku ule mdogo wangu alipoyajaribu maroboti mapya, alipiga miguu, na asubuhi nilikuta gauni jeupe la mteja limekuwa la kijivu. Nikalikung'uta huku naimba.

Mdogo wangu akawaandikia wenye duka: raundi inabaki, sauti inabaki. Jibu lao ninalo. Wamesema wamesoma masahihisho ya mhakiki na wamefurahi, ila namba ni ile ile. Kwa hiyo wataangalia maoni ya wachezaji wenyewe. Yakiwa ya kutosha kufikia Ijumaa, Patashika ya Pili itakaa mbele ya duka ilivyo. Yasipokuwa ya kutosha, itolewe Neno Moja na ibadilishwe sauti, ama gemu lirudi nyuma, mahali ambapo hakuna anayekuja.

Nilifungua ukurasa wa maoni. Unajua nilichokuta? Watu wanahesabika kwa vidole, na mmoja wao ni mimi. Wako wapi waliokuwa wanalia kwa kicheko kwa Kinyozi? Wako wapi wa saluni, wa vibanda vya chaji, wa shemeji wakorofi? Kinyozi mwenyewe, aliyezama kwenye bati mbele ya wateja wake, hakuwa ameandika hata herufi. Nilivuka barabara nikasimama nyuma yake mpaka alipomaliza sentensi. Tunamlaumu Nusu Nyota kwamba alicheza peke yake akasema. Sisi tumecheza wengi tukanyamaza. Afadhali yeye.

Shangazi hajui habari ya Ijumaa. Hatumwambii. Jana alinipitia kuniuliza kama "meza" linafaa, la kulia chakula na la kumeza dawa, na la tatu atalipata tu, nimpe muda. Muda sina wa kumpa. Unao wewe.

Kwa hiyo acha kusoma. Hilo gemu kama hujalicheza, ita watu watatu leo, hata wale usioelewana nao, hao ndio wazuri zaidi, ulicheze kwanza. Sitaki maoni ya uongo hata ya kunisaidia. Kama umelicheza, chukua simu sasa hivi, fungua ukurasa wa Patashika ya Pili, useme ulicheza na nani, nani alikudanganya, na sauti ile ilikufanya nini. Kama lina kasoro, sema na kasoro. Usiseme kesho, na usidhani mwenzako ameshaandika, maana na yeye anakudhania wewe. Andika kabla hujainuka hapo ulipokaa.